Gavana wa Nairobi: kura ya Eastlands huishia wapi?

Usiku wa Desemba 17, 2020, Seneti ilimwondoa Mike Mbuvi Sonko katika kiti cha ugavana wa Nairobi. Maseneta 27 waliunga mkono hoja hiyo, 16 wakaipinga. Kura hizo 27 zilifuta uamuzi wa watu zaidi ya 871,000 waliomchagua Agosti 2017, na sheria iliruhusu hivyo.

Tatizo lilikuja kukipambazuka. Sonko hakuwa na naibu wa kumrithi. Uchaguzi mdogo ambao ulitakiwa kufanyika ndani ya siku 60 ulipangiwa Februari 18, 2021, Mahakama Kuu ikausimamisha, na haukufanyika tena. Kwa miezi 20, hadi Agosti 2022, kaunti yenye wakazi 4,397,073 kwa hesabu ya sensa ya 2019 iliongozwa kwanza na spika wa bunge lake, kisha na naibu gavana aliyepitishwa na wawakilishi wadi. Hakuna mkazi wa Kayole, Dandora au Jericho aliyewahi kuona jina la yeyote kati ya hao wawili kwenye karatasi ya kura ya ugavana.

Suala hilo linauma zaidi Eastlands, mitaa ya mashariki, kuliko upande wa magharibi wa jiji. Kwenye ua wa Karen mtu anaweza kuchimba kisima chake na kulipa kampuni binafsi izoe taka. Mpangaji wa chumba kimoja Mathare hana njia hiyo. Maji yake, taka zake, zahanati ya mtoto wake na soko anakouzia mboga vyote viko mikononi mwa kaunti. Akikosea kumchagua gavana, ataumia miaka mitano. Akichagua kisha uamuzi wake ukachukuliwa na wengine, hana pa kushtaki.

Enzi ya meya na tume

Kwa nusu karne wakazi wa Nairobi hawakumchagua kiongozi wa jiji wenyewe. Walichagua madiwani, na madiwani wakamchagua meya miongoni mwao. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, mwaka 1962. Wa mwisho alikuwa George Aladwa, diwani wa Kaloleni, aliyeuacha mfumo mpya ulipoanza mwaka 2013.

Siasa hizo za udiwani zimeandikwa hata kwenye majina ya mitaa. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho ni kumbukumbu ya Ambrose Ofafa. Mbotela ni ya Tom Mbotela. Wote wawili walikuwa viongozi wa Kiafrika katika baraza la jiji, na wote waliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari.

Hata udiwani wenyewe uliwahi kufungwa. Machi 1983 serikali ya Rais Daniel arap Moi ililivunja baraza la jiji na kuweka tume ya watu walioteuliwa. Tume hiyo iliendesha Nairobi hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Mtoto aliyezaliwa Umoja mwaka ule wa 1983 alikuwa shule ya msingi kabla wazazi wake kupata tena diwani wa kumchagua.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilikusudia kuzika historia hiyo. Ilianzisha kaunti 47, na kila moja ikapewa gavana anayechaguliwa na wapiga kura wenyewe, siku moja na rais na wabunge. Gavana hutumikia mihula isiyozidi miwili. Kila mgombea hutaja naibu wake kabla ya uchaguzi, na wawili hao hupigiwa kura moja.

Rais wa Kenya lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Gavana hana sharti kama hilo. Anayewazidi wengine, hata kwa kura moja, ndiye mshindi. Hakuna duru ya pili.

> Anayewazidi wengine, hata kwa kura moja, ndiye mshindi. Hakuna duru ya pili.

Uzito wa mitaa ya mashariki

Nairobi ina maeneobunge 17. Makadara, Kamukunji, Mathare na maeneobunge matano yaliyotokana na Embakasi ya zamani yanafanya manane, bila kuhesabu Kasarani wala sehemu za Starehe ambazo wengi huziita Eastlands pia. Anayetaka City Hall hawezi kuipita mitaa hii. Ndiyo maana kampeni hurudi kila mara viwanja vya Jacaranda na Kamukunji na stendi za matatu za Kayole na Dandora.

Wanasiasa waliotikisa kiti hicho wametoka huku pia. Ferdinand Waititu alikuwa mbunge wa Embakasi. Sonko aliingia bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Makadara mwaka 2010. Benson Mutura, spika aliyekaimu ugavana baada ya Sonko kuondolewa, alikuwa mbunge wa Makadara kati ya 2013 na 2017.

Mpiga kura wa Nairobi hudaiwa kuwa anafuata kabila na chama tu. Matokeo yanapinga dai hilo. Raila Odinga aliongoza kura za urais Nairobi mwaka 2013, 2017 na 2022. Ila ni mara moja tu, 2013, ambapo gavana alitoka upande wake. Mwaka 2017 jiji lilimpa Raila kura nyingi za urais, likampa Sonko wa Jubilee ugavana. Mwaka 2022 lilimpa Raila kura nyingi za urais, Edwin Sifuna wa ODM useneta, na Johnson Sakaja wa UDA ugavana. Sakaja alipata kura nyingi kuliko mgombea urais wa chama chake jijini.

Hiyo ina maana maelfu ya watu waliingia kituoni na karatasi sita, wakaipima kila moja peke yake. Kura iliyofikiriwa namna hiyo inastahili kulindwa hata baada ya matokeo kutangazwa.

Chaguzi tatu

Uchaguzi wa kwanza wa ugavana ulifanyika Machi 4, 2013. Evans Kidero, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya sukari ya Mumias, aligombea kwa ODM na kupata kura 692,490. Waititu wa TNA alipata 617,839. Walitofautiana kwa 74,651.

Waititu alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilimwidhinisha Kidero. Mei 2014 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha ushindi huo. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikamrejesha, ikieleza kuwa rufaa ya Waititu ilikuwa imewasilishwa nje ya muda. Kwa miezi mitatu hivi Nairobi ilikuwa na gavana ambaye hatima yake ilitegemea kalenda ya makarani wa mahakama.

Mwaka 2017 Sonko alimbwaga Peter Kenneth katika mchujo wa Jubilee, kisha Kidero katika uchaguzi wenyewe. Nguvu yake kubwa ilikuwa mashinani. Kabla ya kampeni alikuwa tayari na kikosi kilichojulikana kama Sonko Rescue Team, chenye magari ya wagonjwa na malori ya maji yaliyozunguka mitaa ya mashariki. Pengo la huduma za kaunti alilijaza kwa mkono wake, na watu wakamlipa kwa kura. Kuwacheka waliomchagua ni kutojua maana ya kukosa maji wiki nzima.

Mwaka 2022 mpinzani mkuu wa Sakaja alikuwa Polycarp Igathe wa Jubilee, aliyebeba bendera ya Azimio, muungano wa Raila, baada ya mbunge wa Westlands, Tim Wanyonyi, kuondoka kinyang'anyironi. Mzozo juu ya shahada ya Sakaja, iliyodaiwa kutoka Chuo Kikuu cha Team nchini Uganda, ulifika mahakamani, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi. Alishinda kwa kura 699,392 dhidi ya 573,516 za Igathe.

Mwaka huo Nairobi ilikuwa na wapiga kura 2,415,310 waliojiandikisha. Kwa hiyo mshindi aliingia ofisini kwa ridhaa ya chini ya watu 3 katika kila 10 waliokuwa kwenye daftari. Hakuiba chochote: wengine walimpigia mpinzani, na wengi zaidi hawakutoka nyumbani.

Naibu aliyekosekana

Mkasa wa 2020 ulianza miaka mitatu kabla. Igathe, ambaye 2022 angegombea mwenyewe, alikuwa naibu wa Sonko. Januari 2018, miezi mitano tu baada ya kuapishwa, alijiuzulu.

Katiba haikueleza nafasi ya naibu gavana ijazwe vipi. Machi 2018 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri: gavana ateue mtu ndani ya siku 14, na bunge la kaunti limpigie kura ndani ya siku 60. Sonko alimpendekeza Miguna Miguna, pendekezo lisilofika popote. Karibu miaka miwili ikapita kiti kikiwa kitupu.

Desemba 6, 2019 Sonko alikamatwa Voi na kushtakiwa kwa ufisadi. Mahakama ilimzuia kuingia ofisini. Kaunti ikawa na gavana asiyeruhusiwa kufanya kazi na naibu asiyekuwapo. Januari 2020 Sonko alimteua Anne Kananu Mwenda, lakini uteuzi huo ukakwama kortini kwa mwaka mzima.

Ndipo ikaja Ikulu. Februari 25, 2020, Sonko alitia saini mkataba wa kuipa Serikali Kuu majukumu manne ya kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyofahamika kwa ufupi kama NMS, ilianza kazi mwezi uliofuata chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Sonko alikosana nayo mapema na kukataa kutia saini bajeti iliyoitengea mabilioni.

Mapema Desemba 2020 bunge la kaunti lilimbandua. Seneti ikakamilisha kazi. Mutura alikaimu. Januari 2021 wawakilishi wadi walimpitisha Kananu kuwa naibu gavana, wa gavana ambaye tayari alikuwa ameondolewa. Novemba 16, 2021 aliapishwa kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Nairobi.

> Kaunti ikawa na gavana asiyeruhusiwa kufanya kazi na naibu asiyekuwapo.

Kananu hakuvunja sheria yoyote kwa kukubali kiti hicho. Kosa liko kwenye mlolongo wenyewe. Katiba ilitaka naibu apigiwe kura pamoja na gavana ili urithi wa kiti utoke kwa wananchi. Naibu wa kuchaguliwa alipoondoka, uzi huo ulikatika, na kila hatua iliyofuata ikaamuliwa na watu wachache zaidi: gavana mmoja, wawakilishi wadi, maseneta, majaji.

Connecticut na Kentucky

Nairobi haikuwa ya kwanza kukwama hivi. Majimbo ya Marekani yalichagua magavana muda mrefu kabla ya Kenya, na mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yaliona chaguzi zikigeuka vita vya mabunge.

Jimbo la Connecticut lilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Akikosa, bunge la jimbo lichague. Mwaka 1890 matokeo yalibishaniwa. Seneti ya jimbo ilikuwa ya Democratic, baraza la wawakilishi la Republican, na hawakuafikiana. Gavana aliyekuwa akimaliza muda, Morgan Bulkeley, hakuwa hata amegombea mwaka huo. Alibaki ofisini hadi Januari 1893. Ofisi ilipofungwa kufuli, aliifungua kwa mtaimbo, na jina la mtaimbo likamganda maisha yake yote.

Kentucky ilipata msiba. Katika uchaguzi wa 1899 William Taylor wa Republican alitangazwa kumshinda William Goebel wa Democratic kwa tofauti ndogo, akaapishwa. Goebel alipeleka malalamiko kwenye bunge la jimbo, ambako chama chake kilikuwa na wingi. Januari 30, 1900 alipigwa risasi mjini Frankfort. Bunge lilimtangaza gavana akiwa kitandani, na akafa Februari 3. Naibu wake, J.C.W. Beckham, akarithi kiti.

Ukilinganisha, Kenya ilijifunza kitu: mzozo wa matokeo ya ugavana huamuliwa na mahakama, si na wanasiasa wa chama kilichoshindwa au kilichoshinda. Kesi ya Kidero na Waititu ilichosha, lakini hakuna aliyemwaga damu ya mwenzake kwa ajili ya hukumu ile. Nairobi ilikwama mahali palepale pa Bulkeley: kiti kushikwa kwa sababu taratibu zimefungana, na mpiga kura kusimama nje.

Mizani ya huduma na kura

Kuhusu miaka ile ya NMS, Eastlands imegawanyika kwa sababu za kweli.

Upande mmoja husema kazi ilionekana. Visima vilichimbwa, barabara za ndani zikawekwa lami, na hospitali ndogo zikajengwa katika mitaa ya mabanda, Mukuru na Kayole ikiwemo. Kwa mama anayejifungua usiku, kituo cha afya kilicho karibu kina thamani kuliko hotuba juu ya ugatuzi. Kwa watu wa upande huu, uchaguzi uliwapa viongozi wenye maneno na kesi, jenerali akawapa maji.

Upande wa pili hujibu kuwa fedha zilizofanya kazi hiyo zilikuwa za kaunti na za Hazina, na gavana wa kuchaguliwa angeweza kuzitumia vilevile kama angepewa ushirikiano huo. Tena, jenerali aliyeteuliwa hang'olewi kwa kura. Tume ya 1983 nayo iliingia ikiahidi kusafisha jiji, na Nairobi ikatoka mikononi mwake baada ya miaka tisa ikiwa na maji haba na takataka tele.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Kisima ni chema, lakini haki ya kumuuliza aliyekichimba, na kumwondoa kisipotoa maji, ni sehemu ya huduma yenyewe.

Kinachoamuliwa City Hall

Watu wengi humlaumu gavana kwa mambo yasiyo yake na kumsamehe yaliyo yake. Polisi, shule za msingi na barabara kuu ni za Serikali Kuu. Shule za chekechea, zahanati na hospitali kama Mama Lucy Kibaki na Pumwani, masoko, leseni za biashara, maegesho, uzoaji taka na kampuni ya maji ni vya kaunti.

Kaunti pia ni mwenye nyumba. Kaloleni, Jericho, Maringo, Bahati na mitaa mingine ya zamani ni mali yake, na maelfu ya familia huilipa kodi. Gavana akisema nyumba zibomolewe yajengwe maghorofa, mpangaji aliyerithi chumba kutoka kwa babu yake anahitaji kujua atarudi lini na kwa bei gani.

Jalala la Dandora ndilo kipimo kikali zaidi. Lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa limejaa mwaka 2001. Mameya waliahidi kulihamisha, magavana nao wakaahidi. Malori bado yanamwaga taka, na moshi unaingia madarasani Korogocho na Dandora. Kila kampeni huahidi kuligeuza umeme.

Palipofanyika kitu, panafaa kutajwa. Mpango wa Sakaja wa Dishi na County, ulioanza 2023, unawapa wanafunzi wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5. Kwa mzazi wa kibarua Embakasi, hilo ni jambo la kila siku lenye uzito. Upande mwingine wa daftari, Nairobi ndiyo kaunti yenye madeni makubwa zaidi ya wanakandarasi na wauzaji nchini, mengine yakirithiwa tangu enzi ya baraza la jiji.

Kuelekea Agosti 10, 2027

Septemba 2025 wawakilishi wadi walikusanya saini za kumbandua Sakaja, wakilalamikia fedha za maendeleo ya wadi na basari. Hoja ilizimwa baada ya Rais William Ruto na Raila Odinga kuingilia kati. Hoja hiyo ingeweza kuwa na msingi au kukosa. Haikujadiliwa hadharani kwenye bunge la kaunti ili mkazi wa Umoja asikie pande zote. Iliamuliwa vikaoni.

Sakaja anaruhusiwa kuomba muhula wa pili. Babu Owino, mbunge wa Embakasi Mashariki, ametangaza kuwa anakitaka kiti hicho. Sonko hawezi kurudi: Julai 2022 Mahakama ya Juu iliidhinisha kuondolewa kwake, alipokuwa akitafuta ugavana wa Mombasa.

Wagombea wanapaswa kuulizwa mapema mambo mawili ambayo kampeni huyaruka. La kwanza ni naibu: ni nani, ana kazi gani, na akijiuzulu nafasi yake itajazwa kwa muda gani. Ushauri wa mahakama wa 2018 upo, lakini Sonko alionyesha jinsi gavana anavyoweza kuuchelewesha. La pili ni mkataba na Serikali Kuu. Katiba inaruhusu ngazi moja ya serikali kuipa nyingine majukumu kwa makubaliano, na gavana ajaye atakuwa na kalamu ileile aliyoishika Sonko Ikulu.

Kuna pia suala la daftari. Eastlands imevuka mipaka ya kaunti. Watu waliokulia Dandora na Buruburu sasa wanalala Joska na Mlolongo katika Machakos, Kitengela katika Kajiado, au Ruiru katika Kiambu, na kila asubuhi wanarudi Gikomba na Industrial Area kufanya kazi. Aliyehamisha kituo chake cha kura humchagua gavana wa anakolala. Ambaye hajahamisha bado ni mpiga kura wa Nairobi, lakini siku ya uchaguzi itabidi apande matatu kurudi katika shule ileile aliyojiandikisha miaka kadhaa iliyopita. Anayehama kutoka Kayole kwenda Ruai hubaki katika kaunti ileile, na karatasi yake ya ugavana haibadiliki. Kinachobadilika ni mbunge na mwakilishi wadi. Uhamisho wa kituo hufanyika katika ofisi za tume ya uchaguzi, IEBC, za eneobunge, na hufungwa kabla ya uchaguzi.